Kona ya Mwalimu: Jenereta Haikaribishwi Ndani

Safari hii nimeombwa niseme juu ya jenereta za nyumbani, na sababu mnaijua. Tuliokuwa Muscat mwezi wa Juni 2007 hatujaisahau Gonu, na jamaa zetu wa Batinah hawajaisahau Shaheen ya tarehe 3 Oktoba 2021.

Kwanza, hesabu. Usinunue kwa kumtazama jirani. Andika vitu vya lazima: taa sita za wati 10 ni wati 60, feni mbili, wati 140 hivi, friji, wati 150. Jumla 350. Lakini friji inapoanza kuzunguka hutaka mara tatu au nne ya umeme wake, japo kwa muda mfupi. Basi jenereta ya wati 2,000 yatosha na kubaki. Ukitaka kiyoyozi, hesabu ni nyingine: kimoja cha tani moja na nusu hula peke yake wati 1,500 au zaidi.

Pili, mwite fundi mwenye leseni akutilie swichi ya kubadilishia, ili umeme wa nje na wa jenereta visikutane. Ukichomeka jenereta kwenye soketi ya ukutani, umeme hurudi njiani hadi kwenye nguzo, na fundi aliyeko juu akidhani waya umekufa, wewe ndiye uliyemuua.

Tatu, moshi. Siku chache baada ya Shaheen nilikwenda kumtazama mpwa wangu. Nikaikuta jenereta yanguruma ukumbini, isirowe. "Mjomba, madirisha yote yako wazi," akaniambia. Mkewe amelala, kichwa chamuuma, mtoto anatapika. Walidhani ni maji machafu. Tukawatoa wote uani, kisha hospitali. Wakatiwa oksijeni, wakapona, alhamdulillahi. Ule moshi una hewa iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo rangi wala harufu, na dirisha wazi haliitoi. Iwekeni jenereta nje, mita sita au zaidi kutoka milango na madirisha, chini ya kibanda kisicho kuta. Na msiitie petroli ikingali moto.

Kila mwezi iwasheni kwa nusu saa, hukohuko nje. Na mnaowapelekea jamaa Unguja, pelekeni na maneno haya pia.

Wakatabahu,
Mwalimu wenu