Namba Kwanza, Picha Baadaye

Si ajabu siku hizi kumkuta mwalimu wa shule ya msingi akiunganisha kwenye kompyuta kifaa cha umeme alichokiunda kwa mikono yake mwenyewe. Kibao kiitwacho Arduino, kilichobuniwa mwaka 2005 katika mji wa Ivrea nchini Italia, pamoja na vingine vya namna hiyo, vimeifanya kazi iliyokuwa ya mafundi kuwa ya kila mwenye bisibisi na subira. Walimu wetu hujitahidi sana katika kuunganisha nyaya. Lakini ifikapo hatua ya kuchagua programu itakayotumika pamoja na kifaa hicho, wengi huchukua ile yenye rangi nyingi kuliko zote, na hapo ndipo somo linapoharibika.

Maoni yetu ni kwamba programu ya kwanza kuonyeshwa watoto haina budi kuwa ile inayotoa namba tupu kama ilivyotoka katika kifaa, bila picha wala hukumu yoyote.

Tuchukue mfano wa kifaa cha kupimia unyevu wa udongo katika bustani ya shule. Huhitaji misumari miwili, nyaya, kibao cha Arduino Uno, na kikinza kimoja cha ohmu 10,000, ambacho mafundi redio hukiita rezista. Msumari mmoja huungwa kwenye tundu la volti 5, na wa pili kwenye tundu la kupimia liandikwalo A0. Kutoka A0 kikinza huungwa hadi tundu liandikwalo GND. Misumari ikichomekwa udongoni, udongo uliolowa hupitisha umeme kwa urahisi kuliko udongo mkavu, na kibao huigeuza tofauti hiyo kuwa namba kati ya 0 na 1023. Namba hiyo hupita katika waya wa USB mpaka kwenye kompyuta. (Atakayetumia kibao cha micro:bit asikipe volti 5, maana chenyewe hutumia volti 3 tu na huweza kuungua.)

Tuliwahi kukitumia kifaa hiki katika mazoezi ya kufundisha, tukiwa na programu tuliyojivunia sana. Udongo ukiwa umelowa, mche mbichi ulionekana kwenye kioo cha kompyuta. Ukikauka, mche ulinyauka. Watoto walishangilia. Katikati ya kipindi mche ukanyauka ghafla, nao wakakimbilia ndoo na kumwagilia tuta. Mche haukuinuka. Wakamwagilia tena, na tena, hata maji yakaanza kutiririka njiani. Ndipo msichana mmoja alipoinama, akatia kidole katika udongo na kusema, “Mwalimu, mbona hapa ni tope tupu?” Waya ulikuwa umechomoka kwenye msumari. Kibao kilikuwa kikisoma 0, na programu yetu, isiyojua tofauti ya udongo mkavu na waya uliokatika, iliendelea kuwadanganya watoto kwa picha nzuri.

Lau namba ingekuwa mbele ya macho yao, wangeiona ikiruka kutoka mia kadhaa hadi 0 kwa mara moja, na pengine mmoja wao angeuliza ni udongo gani ukaukao kwa kufumba na kufumbua. Swali hilo ndilo sayansi yenyewe, nasi tulilizuia bila kujua.

Wenzetu wengine hupinga kwamba mtoto hawezi kuelewa 1023 ni nini. Kweli, si lazima ajue kuwa kibao huzigawa volti 5 katika ngazi 1024 zinazohesabiwa kuanzia 0. Lakini aweza kupima udongo wa njiani, wa tutani na wa chini ya bomba, akaandika namba tatu ubaoni na kuona ipi ni kubwa. Uingereza ilipoingiza kompyuta za BBC Micro mashuleni kuanzia mwaka 1981, ile ya Model B ilikuwa na tundu la kupokea vipimo kutoka nje, na amri moja fupi, ADVAL, ilitosha kuileta namba. Walimu waliounda vifaa vyao hawakuhitaji zaidi ya hapo kuanzia somo.

Programu ya Arduino yenyewe yafaa sana kwa kazi hii. Haiuzwi, na ikishawekwa katika kompyuta pamoja na viambata vya kibao, hufanya kazi bila intaneti. Ndani yake mna dirisha la kuonyesha namba zinazowasili. Lakini angalieni kasi ya mawasiliano: kibao kikiagizwa kutuma kwa 9600, dirisha nalo liwekwe 9600, vinginevyo zitatokea alama zisizosomeka. Tumemwona mwalimu akikitupa kibao kizima kwa sababu hiyo tu. Misumari nayo isipewe umeme wakati wote, kwani huliwa upesi na kutu. Iungwe wakati wa kupima, kisha ichomolewe.

Hatusemi kwamba picha zipigwe marufuku. Scratch, iliyotolewa na chuo cha MIT cha Marekani mwaka 2007, huwawezesha watoto kupanga amri kama matofali, na zipo njia za kuiunganisha na vibao hivi. Siku hizi tunaifikia katika juma la tatu, na mche huchorwa na watoto wenyewe. Kabla ya kupima, kila mmoja hutia kidole udongoni na kuandika anavyokisia. Kisha wao ndio huamua mche unyauke kwenye namba ipi. Mara ya mwisho kundi moja lilitaka 300 na jingine 450, wakabishana hata kengele ikalia, na wote wakatoka kwenda kulitazama tuta.