Mambo ya Ulimwengu: Ahadi ya Ulinzi Huishia Wapi?

Watu wengi hudhani kwamba mataifa yakiisha kutia sahihi mapatano ya kulindana, basi kila mahali penye bendera ya mmoja wao ni juu ya wote kupalinda. Sivyo. Mapatano ya namna hii ni kama hati ya shamba: yafaa kusoma mipaka kabla ya kugombana na jirani.

Tutazame Mapatano ya Atlantiki ya Kaskazini, yaliyo msingi wa umoja uitwao NATO. Mataifa 12 yaliyatia sahihi mjini Washington tarehe 4 Aprili 1949. Kifungu cha 5 chasema kwamba shambulio juu ya mmoja litahesabiwa kuwa shambulio juu ya wote. Maneno hayo yajulikana sana. Kifungu cha 6 husomwa na wachache, nacho ndicho kiwekacho mipaka: nchi za wanachama zilizo Ulaya au Amerika ya Kaskazini, pamoja na visiwa vyao vya Atlantiki vilivyo kaskazini ya Tropiki ya Kansa, yaani mstari wa ramani upitao katika Sahara. Algeria, iliyokuwa chini ya Ufaransa, ilitajwa kwa jina; ilipopata uhuru mwaka 1962, maneno hayo yakawa hayana kazi tena.

Mipaka hiyo iliwekwa kwa makusudi. Marekani haikutaka kufungwa na ahadi ya kupigania makoloni ya wenzake. Kwa hiyo Kenya na Kongo, ingawa zilitawaliwa na wanachama, zilikuwa nje. Hata visiwa vya Hawaii, vilivyo jimbo la Marekani tangu 1959, haviingii, maana viko katika Pasifiki.

Jambo hili lilionekana wazi tarehe 2 Aprili 1982, majeshi ya Argentina yalipoviteka Visiwa vya Falkland, milki ya Uingereza iliyo mbali kusini ya mstari ule. Hakuna mwanachama aliyelazimika kupeleka askari. Waingereza walipeleka merikebu zao wenyewe, na tarehe 14 Juni Waargentina waliokuwa visiwani wakasalimu amri. Marekani iliwapa Waingereza silaha na mafuta, lakini kwa urafiki, si kwa deni. Msaada wa hiari waweza kutolewa, na waweza kunyimwa.

Na sisi tuna mfano wa karibu. Tarehe 7 Agosti 1998 bomu lilipasuka katika ubalozi wa Marekani mjini Nairobi, likaua watu zaidi ya 200, wengi wao Wakenya. Kifungu cha 5 hakikutumiwa. Nairobi i nje ya mipaka. Adui yule yule alipoipiga miji ya New York na Washington tarehe 11 Septemba 2001, kifungu hicho kilitumiwa kwa mara ya kwanza.

Tena, hata ndani ya mpaka, kila mwanachama ameahidi kuchukua hatua aionayo yeye kuwa ya lazima. Yaweza kuwa jeshi, yaweza kuwa jambo dogo kuliko jeshi.

Basi, msomaji, usikiapo kwamba mataifa yameahidiana ulinzi, uliza mstari umepita wapi, na kila mmoja ameahidi kufanya nini. Ahadi ni deni, lakini deni hudaiwa kama lilivyoandikwa.