KONA YA NYUMBANI NA KAZI: Lenzi ndefu ao mabati?

Mwezi huu tunajibu barua ya mama mmoja ambaye bwana wake ni mpiga picha wa kwaya, harusi na maigizo. Zamu yao ya likelemba inafika mwezi ujao. Bwana anataka pesa iende kununua lenzi ndefu ya kuvuta, ile iliyoandikwa 75-300. Mama anataka mabati, kwa sababu nyumba inavuja na mvua za Novemba hazingoji mtu. Anauliza: “Hiyo lenzi ni chombo cha kazi kweli, ao ni tamaa tu?”

Dada yangu, asante kwa barua. Shemeji si mwenye tamaa. Anayepiga picha akiwa nyuma ya ukumbi anaona nyuso ndogo kama punje za mahindi, basi anawaza kuvuta. Lakini lenzi aliyoichagua haitamsaidia humo ndani, na nitaeleza kwa nini.

Kwenye lenzi kuna namba za aina mbili. Ya kwanza, 75-300, inaonyesha inavuta kiasi gani. Ya pili watu wengi hawaiangalii: f/4-5.6. Hiyo ni tundu la kuingiza mwanga, na namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Lenzi hii ikivutwa hadi mwisho inabaki na f/5.6. Lenzi ya f/2.8 inaingiza mwanga mara nne ya huo. Tuseme ukumbini lenzi ya f/2.8 inapata picha kwa kasi ya 1/200 ya sekunde. Ile ya f/5.6 itahitaji 1/50, na kwa 1/50 mikono ya mpiga ngoma inakuwa moshi. Tena ukivuta hadi 300 bila stendi, mkono wako mwenyewe unatikisa picha ukishuka chini ya 1/300.

Haya siyasomi tu, yalinichoma mimi mwenyewe. Familia moja ya jirani ilipata safari ya kwenda kuishi ng’ambo, tukawaagia ukumbini jioni, balbu mbili tu zinawaka. Bibi yao, ambaye hatukuwahi kumuona akicheza, aliinuka akacheza na wajukuu. Mimi niko nyuma na lenzi kama hiyo ya shemeji, nimevuta hadi mwisho, ISO 1600, kasi 1/30. Nilipiga picha zaidi ya mia. Usiku naziangalia: kitenge nakiona, uso siuoni. Wakasafiri wiki ile ile. Bibi alifariki huko, na binti yake akanipigia simu kuuliza kama kuna picha hata moja ya siku ile. Sikuwa nayo.

Basi tuseme lenzi gani? Wapiga picha wa majukwaa wanatumia 70-200 ya f/2.8, ambayo haipunguzi tundu hata ukivuta hadi mwisho. Ni nzuri, sikatai. Lakini ile ya Canon ya mwaka 2010, yenye kituliza mtikisiko, ilitoka kwa dola 2,499, na ina uzito wa karibu kilo moja na nusu. Iko nyingine ya f/4, nyepesi na ya bei nafuu, lakini mwanga wake ni nusu ya ile ya f/2.8. Kwa balbu zetu haitoshi.

Na hicho kituliza mtikisiko kisimdanganye shemeji. Kinatuliza mkono wa mpiga picha, hakimtulizi mchezaji. Kwa hiyo 70-200 f/2.8 ya Canon ya mwaka 1995, isiyo na kituliza, bado inafaa kwa ngoma, na zilizotumika zimeshuka bei tangu watu wengi wahamie kamera zisizo na kioo. Mwenye Nikon awe macho: lenzi za zamani za AF-D, kama 80-200 f/2.8, hazitafuti shabaha zenyewe kwenye D40, D3100 wala D5100, kwa sababu kamera hizo hazina mota ndani. Kwenye D90 na D7000 zinafanya kazi.

Ushauri wangu kwa sasa ni lenzi fupi isiyovuta kabisa, 50mm f/1.8. Ile ya Canon ya 2015 ilitoka kwa dola 125 hivi. Mwanga wake ni karibu mara kumi ya ule wa f/5.6! Haivuti, basi shemeji aombe ruhusa kwa wazee akae chini mbele, pembeni, asiwazibe watu. Kumbi zetu si viwanja. Baadaye akipata 85mm f/1.8, hapo uso wa mwimbaji unajaa picha vizuri. Kamera aiweke ISO 3200, asiogope chembechembe. Picha ya chembechembe mtu anaitundika ukutani, iliyotikisika hapana. Na amngoje mchezaji afike juu ya mruko, pale mwili unasimama kidogo. Balbu zikileta mistari kwenye picha, ashuke hadi 1/100.

Ile 75-300 nayo ina siku yake: mpira saa tisa mchana, au jukwaa la nje kwenye Tamasha la Tumaini, lililoanza hapa mwaka 2014, kabla jua halijazama.

Akinunua iliyotumika, amulike ndani kwa tochi. Akiona nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, airudishe. Ajaribu kwa kamera yake mwenyewe, tundu likiwa wazi kabisa, ndani ya nyumba si juani. Asitume pesa kwa simu kwa mtu asiyemuona.

Kuvu hiyo, dada, inapenda unyevunyevu. Lenzi ya bei kubwa chini ya paa linalovuja itaharibika kabla haijarudisha pesa yake. Kwa hiyo mabati kwanza, na shemeji atanielewa. Ikibaki pesa, ile 50mm. Ya kwangu ni ya Canon, ya zamani, pete yake imelegea lakini inapiga. Kama kamera yake ni Canon, apite kuichukua Jumamosi aijaribu kwenye kwaya Jumapili, airudishe Jumatatu.