Robert Parker: Mwonjaji aliyepandisha na kushusha bei ya mvinyo

Mkulima wa zabibu hapa Dodoma anajua ilivyo kufika na mzigo sokoni, kisha mtu mwingine anataja bei. Kwa hiyo leo tunaangalia kisa cha Mmarekani ambaye kwa miaka mingi neno lake lilitikisa bei ya mvinyo hadi Ufaransa. Anaitwa Robert Parker, na kazi yake ilikuwa kuonja na kuandika.

Alianzaje?

Parker alizaliwa mwaka 1947 mjini Baltimore, akasomea sheria. Mwaka 1978 alianzisha jarida dogo, ambalo baadaye lilijulikana kama The Wine Advocate. Kazi ya sheria aliiacha mwaka 1984.

Mambo mawili yalimtofautisha. Kwanza, jarida halikupokea matangazo ya wauzaji wa mvinyo. Gharama zake zililipwa na wasomaji. Pili, kila mvinyo aliupa alama kati ya 50 na 100, kama mtihani wa shule. Hata asiyejua lolote kuhusu mvinyo alielewa kuwa 95 inazidi 82.

Nguvu ilitoka wapi?

Jina lake lilikua kwa mavuno ya 1982 ya Bordeaux, Ufaransa. Baadhi ya wenzake walikuwa na mashaka nayo, yeye akayasifu sana. Wanunuzi wakamwamini, na bei ikapanda.

Bordeaux, mvinyo wa mashamba makubwa huuzwa ukiwa bado kwenye mapipa. Mnunuzi analipa leo, chupa anaipata baada ya miaka miwili hivi. Anayenunua kitu ambacho hajakionja anahitaji mtu wa kumwamini, na wengi walimwamini Parker. Wenye mashamba wakawa wanasubiri alama zake ndipo watangaze bei.

Mwaka 2003, wakati wa vita vya Iraq, Parker hakwenda Bordeaux kwa wakati wake wa kawaida. Bei zikatangazwa kabla ya alama zake kutoka. Wachumi walilinganisha mwaka huo na mingine, wakakadiria kwamba alama zake ziliongeza wastani wa euro 2.80 kwa kila chupa.

Upande wa pili

Alama hizo zilikuwa na madhara pia. Parker alipenda mvinyo mzito, wa zabibu zilizoiva sana. Wakosoaji walisema wazalishaji walianza kuufuata ulimi wake, na ladha ya kila eneo ikaanza kupotea.

Mwaka 2004 mvinyo mmoja wa Bordeaux, Château Pavie wa mavuno ya 2003, ulizua ubishi mkubwa. Parker aliusifu sana. Mwandishi wa Uingereza Jancis Robinson aliupa alama 12 tu kati ya 20. Mvinyo ulikuwa ule ule, ndimi zilikuwa mbili.

Parker alistaafu mwaka 2019. Mwaka huo huo jarida lilichukuliwa lote na Michelin, kampuni ya matairi ya Ufaransa inayotoa pia mwongozo wa migahawa.

Sisi tunajifunza nini?

Zao likishapewa daraja, bei hulifuata daraja hilo. Wakulima wa kahawa wanalijua hili, kwani kahawa yao huonjwa na kupangwa madaraja kabla ya mnada. Zabibu nazo hupimwa sukari.

Kwa hiyo kabla ya kubishania bei, tuulize maswali matatu: kinapimwa nini, anapima nani, na nani anamlipa mpimaji? Parker aliaminika kwa sababu muuzaji hakumlipa. Lakini hata mpimaji mwaminifu ana ulimi mmoja tu. Mkulima anayejua zao lake linapimwaje anaweza kuuliza kwa nini limeshushwa daraja, na mwakani akarekebisha shambani. Asiyejua ataipokea bei anayotajiwa.