Kugandisha Mafuta: Ridhaa Isiyotaja Hatari

Mnamo Septemba 2021, mwanamitindo mashuhuri wa Kanada, Linda Evangelista, alieleza hadharani kwa nini alikuwa amejificha machoni pa watu kwa miaka kadhaa. Alikuwa amefanyiwa tiba ya kupunguza mafuta ya mwili kwa baridi, na sehemu zilizotibiwa, badala ya kunywea, ziliota na kuwa ngumu. Alimshtaki mtengenezaji wa mashine, na shauri likamalizika kwa makubaliano mwaka 2022.

Tiba hiyo ilizaliwa na jambo dogo sana. Watoto wanaonyonya lambalamba waliwahi kuonekana wakivimba mashavu, kwa kuwa baridi huumiza seli za mafuta kabla ya ngozi. Watafiti wa Boston, Dieter Manstein na Rox Anderson, waliligeuza hilo kuwa tiba, nayo mwaka 2010 ikaruhusiwa nchini Marekani kwa mafuta ya ubavuni. Kwa wengi inafaa. Tabaka la mafuta hupungua kwa takriban moja ya tano hadi robo, na wekundu, ganzi na maumivu yake kwa kawaida huisha baada ya siku au wiki chache.

Shida iko katika ile athari adimu. Miezi michache baada ya tiba, mafuta hukua mahali palepale, pengine kwa umbo la kichwa cha mashine. Mlo na mazoezi haviyaondoi; kwa kawaida huhitaji kufyonzwa kwa upasuaji, yaani kisu kilekile ambacho mteja alilipa ili akikwepe. Ripoti ya kwanza, ya mwaka 2014, ilikadiria mtu 1 kati ya 20,000. Kliniki zilizohesabu wagonjwa wao baadaye zilipata zaidi. Tena, baadhi ya makadirio huhesabiwa kwa kila mzunguko wa tiba, si kwa kila mtu. Anayetaka tumbo na kiuno hupitia mizunguko kadhaa; ikiwa ni minane, bahati nasibu hiyo ameicheza mara nane. Hesabu hiyo haionekani kwenye matangazo.

Ndiyo maana maneno "bila upasuaji" hayatoshi. Yanaeleza namna tiba inavyofanywa, hayaelezi kinachoweza kufuata. Mtoa huduma anayesema hatari ni ndogo hajadanganya, ila hajapata ridhaa iliyokamilika. Ni wajibu wake kuitaja athari yenyewe, kuuliza kuhusu magonjwa ya damu yanayochochewa na baridi, kama krioglobulinemia, ambayo huikataza tiba hii kabisa, na kusema wazi kwamba hii si tiba ya unene. Kwa mteja wa Nairobi au Dar es Salaam, anayelipia urembo kutoka mfukoni mwake, lipo swali jingine la kujibiwa kwa maandishi kabla mashine haijawashwa: mafuta yakiota, nani atalipia upasuaji?