Ukoo wa Zapata nao wastahili kutajwa

Makala hii inawapa watawa wa Cartuja, monasteri iliyoko Jerez, Hispania, sifa yote ya kuhifadhi farasi wa Kihispania, na wachangiaji wengi hapa wameikubali hoja hiyo bila kuihoji, ilhali watawa hao walifukuzwa katika monasteri yao mnamo 1835, na damu ya farasi wao isingefika mbali kama ukoo wa Zapata, wafugaji wa farasi, haungekuwa umekwisha kununua majike na madume wa damu hiyo katika miaka ya vita dhidi ya Napoleon, wakati majeshi yalipokuwa yakiwatwaa farasi popote walipowakuta. Ukoo huo uliwatia farasi wake chapa ya moto yenye umbo la lijamu, yaani chuma kinachowekwa kinywani mwa farasi ili mpandaji amwongoze, na chapa hiyo ndiyo iliyowatambulisha hata baada ya kundi kugawanyika na kupita mikononi mwa wafugaji wengine, wakiwemo akina Terry, wafanyabiashara wa mvinyo. Mwandishi angetenda haki pia kueleza kwamba kampuni ya Rumasa iliinunua mali ya Terry pamoja na farasi hao, na serikali ya Hispania ilipoitaifisha Rumasa mnamo Februari 1983, farasi nao wakawa mali ya umma. Hadi leo, katika shamba la Fuente del Suero karibu na Jerez, wanakofugwa farasi hao, watoto wao huzaliwa na manyoya meusi au ya kahawia ambayo hugeuka meupe kadiri miaka inavyopita.