Jobs hakuvumbua kioo cha kupangusa

Wiki iliyopita nilimsindikiza mpwa wangu kwenye semina ya ujasiriamali. Mhamasishaji alisimama mbele ya ukumbi uliojaa vijana waliolipa kiingilio, akainua simu yake juu, akatangaza kwamba Steve Jobs alikaa chini, akawaza, akavumbua kioo cha kupangusa, akakichukulia hataza, akatajirika. "Na wewe unangoja nini?" Makofi. Mpwa wangu akaandika daftarini. Mimi damu ilinichemka, na mpaka leo haijapoa.

Mwaka 1965 Jobs alikuwa mtoto wa miaka 10. Mwaka huohuo mhandisi E. A. Johnson, wa kituo cha utafiti wa rada cha Malvern nchini Uingereza, alichapisha maelezo ya skrini inayoguswa kwa kidole ili waongoza ndege wafanye kazi haraka. Hata hataza ya Marekani aliipata, mwaka 1969. Mapema miaka ya 1970 Bent Stumpe na Frank Beck walitengeneza skrini za kugusa huko CERN, kituo cha utafiti wa fizikia mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, na mwaka 1976 zilikuwa zikitumika kuendesha SPS, mtambo mkubwa wa kuongeza kasi ya chembe. Na simu? IBM waliuza Simon mwaka 1994, simu ya kugusa kioo. LG nao waliitangaza Prada yao Desemba 2006, wiki chache kabla Jobs hajapanda jukwaani San Francisco kuitambulisha iPhone tarehe 9 Januari 2007.

Jukwaani hapo Jobs alidai kwamba Apple wamevumbua teknolojia ya kugusa kwa vidole vingi, na kwamba wameichukulia hataza. Wameivumbua wapi? Bob Boie wa maabara za Bell alikuwa na kioo kinachohisi vidole vingi mwaka 1984. Hata ujuzi uliokuwa ndani ya Apple kwenyewe ulikuja na Wayne Westerman na John Elias wa Chuo Kikuu cha Delaware. Westerman alikuwa akiumwa mikono kwa kuchapa, ndipo akatafuta namna ya kuiendesha kompyuta kwa mguso mwepesi. Kampuni yao, FingerWorks, Apple waliinunua mwaka 2005. Ukinunua shamba la mahindi yaliyokwisha kukomaa, huwezi kusimama sokoni na kusema wewe ndiye uliyeyapanda.

Njiani mpwa wangu akanijibu: "Lakini mjomba, hataza ni ya Apple. Serikali itampaje mtu hataza ya kitu ambacho hakukivumbua?"

Huo ndio upofu wenyewe. Tuangalie ile hataza ya kufungua simu kwa kutelezesha kidole. Kampuni ya Neonode ya Sweden ilikuwa na simu inayofunguka kwa kutelezesha kidole kabla iPhone haijazaliwa. Julai 2012 Mahakama Kuu ya London ikaibatilisha hataza hiyo ya Apple. Agosti 2015 mahakama ya juu ya Ujerumani, Karlsruhe, ikafanya vivyo hivyo. Oktoba 2016 mahakama ya rufani ya Washington ikaikubali, na kurejesha hukumu ya dola milioni 119.6 dhidi ya Samsung, hataza hiyo ikiwa mojawapo ya tatu zilizobishaniwa. Kidole ni kilekile na kioo ni kilekile. Mtu amevumbua au hakuvumbua. Hawezi kuwa mvumbuzi Washington kisha asiwe mvumbuzi London. Kinachobadilika ukivuka bahari ni sheria, mawakili na majaji. Hataza inasema nani ana haki ya kumshtaki mwenzake, basi. Habari za nani alikitoa kitu kichwani mwake zitafutwe kwingine.

Wengine husema kama hao kina Johnson wangekuwa wavumbuzi kweli, tungewasikia. Hoja gani hii? Ukubwa wa tangazo tangu lini ukawa ushahidi? Lakini tutashangaa nini, wakati vizazi vimefundishwa darasani kwamba Rebmann "aligundua" Mlima Kilimanjaro mwaka 1848, na Wachagga walikuwa wakilima migomba kwenye miteremko yake? Tumezoeshwa kumpa sifa mwenye sauti kubwa na karatasi mkononi. Na hawa wahamasishaji, ambao hawafungui hata kitabu kimoja kabla ya kushika kipaza sauti, wanawafundisha vijana kwamba uvumbuzi ni kazi ya mtu mmoja wa ajabu. Kijana mwenye akili nzuri ya umeme akisikia hivyo hataona haja ya kujifunza kutoka kwa waliomtangulia. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Jobs alikuwa muuzaji hodari, na Apple walitengeneza simu nzuri. Mvumbuzi wa kioo cha kugusa si yeye. Walimu wa kompyuta na waandishi wa vitabu vya shule, nawaomba: majina ya Johnson, Stumpe, Beck, Boie, Westerman na Elias yaandikwe, na mwaka 1965 utangulie 2007.